Pembe Tatu Izungukayo: Historia ya Injini ya Rota na Nafasi ya Ghuba Ndani Yake

Kivuko cha Khor Dubai

Msafiri avukaye Khor Dubai, mkono wa bahari uingiao mjini, kutoka Deira kwenda Bur Dubai kwa dirhamu moja huketi katika abra, chombo cha mbao kilicho wazi pande zote, na karibu na miguu ya nahodha husikia injini ya dizeli ikipiga mapigo yake ya sawasawa, kama moyo wa mnyama aliyezoea mzigo. Mapigo hayo ni sauti ya pistoni, kipande cha chuma kipandacho ndani ya silinda, kikasimama, kikashuka, kikasimama tena, kisha kikaanza upya, mamia ya mara kwa kila dakika. Lakini abra haina haja ya kitu kinachopanda na kushuka. Haja yake ni rafadha izunguke majini. Kwa hiyo, tangu mwanadamu alipoutia moto ndani ya chuma ili umtumikie, sehemu kubwa ya tadbiri yake imetumika katika kuugeuza mwendo wa kwenda na kurudi uwe mwendo wa duara. Na akali ya watu, kizazi baada ya kizazi, wameuliza suala jepesi kutamka na zito kujibu: kwa nini moto usikisukume tangu mwanzo kitu kizungukacho?

Historia ya suala hilo ni ndefu, na wengi hudhani kwamba imefanyika Ujerumani na Japani peke yake. Hasha! Ghuba imo ndani yake, kwanza kama mkono uliokaribia kuizima injini ya rota, yaani ya kitu kizungukacho, kisha kama mahali palipoipatia kazi.

1206 hadi 1876: Gurudumu na Uvujaji

Mwaka 1206 Badi al-Zaman Ismail al-Jazari, fundi wa jumba la watawala wa Artuq huko Diyarbakir, alimaliza kitabu chake cha elimu ya mitambo, kilichoeleza vyombo 50 pamoja na michoro yake. Kimojawapo kilikuwa pampu ya silinda mbili, ambayo ndani yake kijiti kilichopachikwa pembeni mwa gurudumu, mbali na kitovu chake, kiliisukuma fimbo huku na huku hata pistoni zikavuta maji na kuyatoa. Al-Jazari aliugeuza mzunguko kuwa mwendo wa kwenda na kurudi. Wenye injini waliokuja baadaye waliigeuza njia hiyo hiyo kinyume, na mkono wa krenki ukawa mfupa wa mgongo wa kila mtambo.

Waliotaka kuukwepa mkono huo hawakukosekana. Mwaka 1588 Agostino Ramelli, Mtaliano aliyekuwa Ufaransa, alichapisha michoro ya pampu ambazo ndani yake gurudumu lenye mabapa huzunguka katika kasha na kuyasukuma maji mbele yake. Karne mbili baadaye James Watt alijaribu gurudumu la mvuke, akaliacha. Kizuizi kilikuwa kile kile kwa wote, nacho ni uvujaji. Pistoni ni duara ndani ya duara, na pete moja ya chuma yatosha kuziba pembezoni mwake. Lakini kitu chenye pembe kizungukacho ndani ya kasha huacha mianya penye kila ncha na kila ubavu, na nguvu ya mvuke hupotelea humo. Nikolaus Otto alipokamilisha mwaka 1876 injini yake ya mipigo minne, yaani kuvuta, kushindilia, kuwasha na kutoa moshi, aliijenga juu ya pistoni, na ulimwengu ukamfuata.

1902 hadi 1945: Mwana wa Msimamizi wa Misitu

Felix Wankel alizaliwa tarehe 13 Agosti 1902 katika mji wa Lahr, kusini-magharibi mwa Ujerumani. Baba yake, msimamizi wa misitu, aliuawa vitani mwaka 1914, na ufukara uliofuata ulimnyima kijana chuo kikuu na uanagenzi pia, hata akaajiriwa na mchapishaji wa vitabu huko Heidelberg na kujifundisha ufundi kwa juhudi yake mwenyewe. Inasimuliwa kwamba alipokuwa na umri wa miaka 17 aliota anakwenda kusikiliza muziki ndani ya gari alilolitengeneza yeye, lenye injini ambayo nusu yake ni ya kuzunguka na nusu ni ya pistoni. Ndoto ni nyingi duniani. Ya huyu ilitofautiana na nyingine kwa kuwa mwaka 1924 alifungua karakana ndogo, na mwaka 1929 akapata hataza yake ya kwanza.

Insafu hairuhusu doa lifichwe. Wankel alijiunga mapema na chama cha Nazi, akakhitilafiana na mkubwa wake wa jimbo, akatiwa gerezani kwa miezi kadhaa mwaka 1933. Na alipotoka alifanya kazi BMW, na baada yake akautumikia kwa ufundi wake utawala ule ule uliomfunga, katika mambo ya injini za ndege. Elimu aliyoichuma katika miaka hiyo ilikuwa ya kuziba. Alichunguza namna vipande vyembamba vya chuma, ambavyo mafundi wetu huviita sili, vinavyoweza kuzuia gesi yenye moto na shinikizo mahali ambapo kitu kimoja hutelezea kingine. Wengine walikuwa wamechora maumbo yazungukayo kabla yake, na mengine yalikuwa mazuri. Yeye alianza kwenye mwanya wenyewe, na hapo ndipo alipowatangulia. Vita vilipokwisha, majeshi ya Ufaransa yaliibomoa karakana yake ya Lindau na kumweka kizuizini, akabaki na michoro iliyokuwa kichwani mwake.

1951 hadi 1960: Rota ya Neckarsulm

Mwaka 1951 kampuni ya NSU ya Neckarsulm, iliyokuwa na sifa kubwa kwa pikipiki zake, ilifunga mkataba naye. Tarehe 1 Februari 1957 injini ya kwanza iliunguruma mezani: ujazo wake sentimita 125 za ujazo, nguvu zake za farasi 21. Katika injini hiyo rota ilizunguka, na kasha lililoizunguka lilizunguka vilevile, hata ikawa laini mno katika mwendo wake, lakini ngumu mno kuijenga na kuitunza, kwa maana hata kubadili plagi kulitaka mtambo ufunguliwe.

Mhandisi wa NSU, Hanns Dieter Paschke, ndiye aliyelisimamisha kasha. Katika injini yake, iliyowashwa mwaka 1958, rota yenye pande tatu zilizotuna kidogo huzunguka ndani ya chumba kilichofanana na yai lililobinywa kiunoni, na ncha zake tatu haziachi kamwe kuugusa ukuta. Kitovu cha rota hakitulii mahali pamoja. Kimepachikwa juu ya duara lililo nje ya mhimili wa shafti, hata kila rota izungukapo mara moja shafti huwa imezunguka mara tatu. Baina ya kila upande wa rota na ukuta kuna nafasi, na nafasi hiyo hupanuka ikavuta hewa na petroli, hujibana ikashindilia, hupokea cheche ikasukumwa, kisha hujibana tena ikatoa moshi. Hivyo mipigo minne ya Otto hutimia yote, mara tatu katika mzunguko mmoja wa rota, pasipo valvu wala fimbo za pistoni, na pasipo kitu kinachosimama ili kianze tena.

Wankel hakuridhika na mageuzi hayo. Aliona kwamba farasi wake wa mashindano amefungwa jembe. Lakini jembe ndilo lililolisha watu. Injini ya Paschke ilikuwa nyepesi na ndogo, tena yenye sehemu chache ziendazo, na viwanda vya dunia vikaanza kupiga hodi Neckarsulm kuomba leseni, wa mwanzo miongoni mwao wakiwa Curtiss-Wright wa Marekani mwaka 1958.

1961 hadi 1967: Kucha za Shetani

Katika Hiroshima kulikuwa na kampuni iitwayo Toyo Kogyo, ambayo magari yake huitwa Mazda, iliyokuwa maarufu kwa malori ya magurudumu matatu. Serikali ya Japani ilikuwa ikifikiria kuviunganisha viwanda vidogo vya magari chini ya vikubwa, na rais wa kampuni, Tsuneji Matsuda, alifahamu kwamba asiye na kitu cha peke yake atamezwa. Kwa sababu hiyo alikwenda Ujerumani, akanunua leseni mwaka 1961.

Walipoifungua injini ya majaribio waliona kuta za chumba zimechorwa mistari ya mawimbi, kana kwamba mnyama amezikwaruza kutoka ndani, na moshi wa oili ulikuwa ukitoka kwa wingi. Wahandisi wa Hiroshima waliziita alama hizo kucha za shetani. Mwaka 1963 Kenichi Yamamoto alikabidhiwa idara ya utafiti yenye wahandisi 47, idadi iliyowakumbusha Wajapani kisa mashuhuri cha mashujaa 47 wasio na bwana; na naye aliwataka wenziwe wailale na waiamkie injini hiyo hiyo.

Natija ya subira yao ilikuwa fahamu moja: sili zilitetemeka. Kila kitu kina mtetemo wake wa asili, na sili ya chuma ilipokimbia juu ya ukuta iliruka na kutua, ikaruka na kutua, na kila ilipotua ikaacha alama. Walitoboa matundu karibu na ncha ya sili ili kuugeuza mtetemo wake, na alama zikapungua. Kisha, kwa msaada wa kampuni ya Nippon Carbon, wakapata sili ya kaboni iliyoshikamanishwa na alumini, laini ya kutoukwaruza ukuta na imara ya kustahimili moto. Tarehe 30 Mei 1967 gari la Cosmo Sport lilianza kuuzwa, likiwa na rota mbili na nguvu za farasi 110. Mwaka uliofuata gari la namna hiyo lilikimbia saa 84 katika mashindano ya Nürburgring, likamaliza la nne.

Mwaka huo huo wa 1967 NSU ilitoa gari lake la Ro 80, lililopewa tuzo ya Gari la Mwaka barani Ulaya. Lakini NSU iliwahi sokoni kabla ya kuwahi katika sili. Injini nyingi zilichoka mapema, kampuni ikazibadili kwa gharama yake, na mwaka 1969 ikaingizwa chini ya Volkswagen. Waliokuwa na rota kwanza walishindwa nayo, na waliochelewa wakaimiliki, kwa sababu hawa walikaa na kasoro yake hadi wakaifahamu.

1966 hadi 1977: Hukumu Kutoka Ghuba

Ni wakati sasa wa kurejea Dubai. Lulu, iliyokuwa riziki ya pwani hiyo, ilianguka bei katika miaka ya 1930; Sheikh Rashid bin Said al-Maktoum, mtawala wa Dubai, aliichimbua khor ikapata kina kwa majahazi makubwa, kazi iliyokamilika mwaka 1961; mwaka 1966 mafuta yalionekana baharini katika eneo la Fateh, na mwaka 1969 meli ya kwanza ikayachukua. Tarehe 2 Desemba 1971 Umoja wa Falme za Kiarabu ukazaliwa.

Mwaka huo huo wa 1971 kampuni iliyomiliki haki za uvumbuzi wa Wankel iliuzwa kwa Lonrho kwa Mark milioni 100. Wasomaji wa Afrika Mashariki hawahitaji kuelezwa sana habari za Lonrho: ni kampuni ya London iliyoanzia katika migodi na mashamba ya Rhodesia, iliyolimiliki gazeti la East African Standard la Nairobi, na ambayo mali zake katika Tanzania zilitaifishwa mwaka 1978. Kwamba watu wa namna hiyo walitoa fedha nyingi kiasi hicho kwa ajili ya pembe tatu ya chuma ni dalili ya imani ya zama zile. General Motors ya Marekani ilikubali mwaka 1970 kulipa dola milioni 50 kwa leseni. Citroën ya Ufaransa ilikuwa ikiandaa gari lake la rota mbili. Na Mazda iliuza magari ya rota Marekani kwa maelfu.

Basi Oktoba 1973 ikafika. Vita vilipozuka Mashariki ya Kati, nchi za Kiarabu zilizozalisha mafuta ziliazimia kuyatumia kama silaha, na Abu Dhabi, jirani wa Dubai, ikawa ya kwanza kutangaza kuinyima Marekani mafuta yake. Pipa lililokuwa la dola 3 hivi lilipita dola 11 mwanzoni mwa 1974. Hapo aibu ya rota ikafunuka. Chumba chake cha kuwashia ni kirefu na chembamba, kinachokimbia pamoja na rota wakati moto umo ndani, hata mwali haukifikii kila kitu na petroli nyingine hutoka haijaungua. Na juu ya hayo, sili hudai ziteleze juu ya oili, nayo huungua pamoja na petroli. Wapimaji wa serikali ya Marekani walitangaza kwamba Mazda ya rota haiendi zaidi ya maili 11 au karibu yake mjini kwa galoni moja, na wanunuzi wakatoweka.

Waliobaki walianguka mmoja baada ya mwingine. General Motors iliacha mwaka 1974. Citroën ilitengeneza magari 847 tu ya rota mbili, kisha ikajitahidi kuyanunua tena kutoka kwa wenyewe. Ro 80 ilikoma mwaka 1977. Na bei ile ile iliyowaangusha hao ndiyo iliyoikuza Dubai: Bandari ya Rashid ilikuwa tayari imefunguliwa mwaka 1972, na Jebel Ali, kubwa kuliko ile, ikafuata mwaka 1979. Huko Neckarsulm fedha za mafuta zilifunga mlango, na huku Ghuba zikafungua bandari.

1978 hadi 2002: Aliyekataa Kuiacha

Mazda ilisalimika kwa msaada wa benki ya Sumitomo, na watu wengi walidhani kwamba itaitupa rota kama wengine. Haikuitupa. Wahandisi wake walipunguza ulaji wa petroli kwa sehemu kubwa, na mwaka 1978 wakatoa RX-7, gari dogo la mwendo kasi, jepesi mbele kwa sababu injini yake ni ndogo, lililodumu kwa vizazi vitatu hadi mwaka 2002. Mkulima hataki gari la namna hiyo, wala baba wa watoto sita. Lakini apendaye mwendo hulisamehe kiu yake. Rota ilikuwa imeanza kupata watu wake.

Felix Wankel alifariki dunia Oktoba 1988 huko Heidelberg, mzee wa miaka 86 ambaye inasimuliwa hakuwahi kuwa na leseni ya udereva. Hakuiona siku ya Juni 1991, gari la Mazda 787B lenye rota nne, likiendeshwa kwa zamu na Volker Weidler, Johnny Herbert na Bertrand Gachot, liliposhinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans, likawa la kwanza la Japani kushinda huko. Mashine iliyodharauliwa kwa kutodumu ilikuwa imewapita wote katika mtihani wa kudumu.

2000 hadi Leo: Dubai, Soko na Anga

Mwaka 2000 Dubai ilifungua huko Ras Al Khor eneo huru la magari, liitwalo kwa ufupi Ducamz, na magari yaliyotumika Japani yakajaa humo, usukani wake ukiwa kulia, hali barabara za Umoja wa Falme huendeshwa kwa usukani wa kushoto. Yalikuwa yakisubiri wanunuzi wa Kenya, Tanzania na Uganda, nchi zinazoendesha kama Japani. Katika ofisi za Deira zipelekazo mizigo, Kiswahili husikika pamoja na Kiarabu, Kihindi na Kifarsi, kwa kuwa wamo watu wa asili ya Zanzibar waliohamia Ghuba baada ya mapinduzi ya 1964, na wamo wafanyabiashara wa Mombasa na Dar es Salaam wapitao kila msimu kama wazee wao walivyopita kwa majahazi. Bidhaa yao aghalabu ni Toyota ya pistoni, ambayo fundi wa Gerezani ya Dar es Salaam au Gikomba ya Nairobi huifungua akiwa amefumba macho. Rota hubaki kwa mashabiki wachache wenye subira na fedha.

Hao wapo Dubai yenyewe. Gari la RX-8, lililouzwa kuanzia mwaka 2003, lilipendwa na vijana wa Ghuba, na joto la jangwa, ambalo wakati wa kiangazi hupita nyuzi 45, likaikumbusha injini udhaifu wake wa kuzaliwa. Katika rota moto huwaka siku zote upande ule ule wa kasha, na hewa baridi huingia siku zote upande wa pili, hata chuma kimoja hupanuka huku kuliko kule. Sili zikichoka, gari huwaka vyema alfajiri, likazimwa mchana penye kituo cha petroli, na likakataa kuwaka tena hadi lipoe. Mwaka 2012 utengenezaji wa RX-8 ulikoma, kwa kuwa sheria za moshi za Ulaya zilikuwa zimeshaubana mlango.

Ila mbali na barabara rota ilikuwa tayari na kazi nyingine. Kampuni ya Schiebel ya Vienna ilibuni helikopta ndogo isiyo na rubani, Camcopter S-100, yenye uzito wa kilo 200 wakati wa kupaa, na moyo wake ni injini ya rota ya nguvu za farasi 55. Majeshi ya Umoja wa Falme za Kiarabu ndiyo yaliyokuwa mteja wake wa kwanza, yakaipa jina Al Saber. Sababu yake ni wazi kwa aliyeifuata historia hii: chombo chenye macho ya kamera hakitaki mtetemo, na chombo chepesi hakitaki injini nzito. Sifa ambazo mwaka 1974 hazikuweza kuilipia rota petroli yake, angani zikathaminiwa kuliko petroli. Mwaka 2023 Mazda yenyewe ikairejesha katika gari la MX-30, rota moja ya sentimita 830 za ujazo, isiyogusa magurudumu kabisa. Kazi yake ni kuzalisha umeme wa kujaza betri, kwa mwendo mtulivu usiobadilika ovyo, ambao ndio uipendezao.

Katika karakana za Al Quoz, mtaa wa Dubai, fundi aletewaye RX-8 ya zamani hatangulii kuitazama rangi wala viti. Hutoa plagi, akaingiza kipimo cha mshindilio mahali pake, akazungusha injini, na kusoma tarakimu tatu kwa kila rota, moja kwa kila upande wa pembe tatu. Zikikaribiana, mwenye gari hurejea nyumbani kwa furaha. Moja ikianguka, kuna sili iliyoacha kushika, na mtambo wote hauna budi kufunguliwa. Injini hiyo imepita mikono ya mfungwa na ya rais wa kampuni, imeuzwa London, imehukumiwa kwa mafuta ya pwani ile ile ambapo fundi amesimama; na bado anauliza, kipimo kikiwa mkononi, suala aliloanza nalo kijana wa Heidelberg katika karakana yake mwaka 1924: inavuja wapi?